Gari la Kiitaliano lililoshindwa Safari, na boneti la babu yangu Wasso

Najua nimepotea wiki mbili nzima. Nilikuwa Wasso, Loliondo, na mwenye kuijua Wasso anajua kwamba mtu haendi kule kwa wiki moja. Njia tu inakula siku zako.

Leo naleta habari ya magari. Msiniulize nimeanza lini kupenda magari, maana kuendesha kwenyewe bado najikongoja. Ila kuna ubishi wa kifamilia nimeukuta gereji kwa baba mkubwa, na ubishi huo umenirudisha nyuma miaka 50 na zaidi, hadi Italia, hadi Nairobi, hadi mlima wa Magara. Vuteni viti.

Gereji ya baba mkubwa ni mti wa mgunga, shimo la kushukia chini ya gari, na kibanda cha mabati. Ukutani mwa kibanda kuna picha iliyokatwa kwenye gazeti la zamani, imeshakuwa rangi ya chai. Ni gari fupi, pua kama kabari, mataa makubwa mbele, vumbi limelifunika hadi madirishani. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ndege iliyokatwa mabawa. Safari hii nikamuuliza.

"Shikamoo baba mkubwa. Hivi hii ni gari gani?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni Lancia Stratos. Mtaliano. Ilikuja Safari ikapigwa na Peugeot ya kawaida kabisa."

Alisema kwa furaha, kama mtu anayesimulia goli la timu yake. Chini ya mti, mbele yetu, ilikuwepo Land Rover 109 ya marehemu babu, na huyo ndiye chanzo cha ubishi. Nitarudi kwake. Kwanza tuisome historia.

MBIO ZILIZOPITA KWETU

Vijana wenzangu wengi wanadhani Safari Rally ni mali ya Kenya tangu mwanzo. Si kweli. Mbio zile zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na zilikuwa za nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikaitwa East African Safari. Zilifanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka haikuchaguliwa kwa ajili ya ibada. Ni majira ya mvua, na waandaaji walitaka tope.

Tope walilipata. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena, safari hii kati ya magari zaidi ya 90. Ajabu ni kwamba mshindi wa mara zote mbili alikuwa mtu yuleyule, Nick Nowicki, na gari lilelile la aina ya Peugeot 404.

Sehemu mojawapo iliyoogopwa na madereva ilikuwa upande wetu: mlima wa Magara, ule unaopanda kutoka bonde la ziwa Manyara kwenda Mbulu. Wakati huo Karatu yote ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Baba mkubwa alikuwa mtoto wa shule huko, anaishi kwa shangazi yake, na anasema Pasaka ilikuwa na sikukuu mbili: ya kanisani na ya barabarani. Watoto walikuwa wanalala kandokando ya njia wakisubiri mataa. Gari likizama, wanalisukuma. Likitoka, wanabaki na tope hadi kwenye meno, na hakuna aliyeuliza majina yao.

Hilo la majina lishikeni, nitalirudia.

Miaka ya 1970 ilipoingia, mambo yakabadilika. Uganda ikawa chini ya Idi Amin. Urafiki wa nchi tatu ukapungua. Safari ikajikunja ikabaki ndani ya Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa hiyo ile Stratos ya ukutani haikuwahi kuupanda mlima wa Magara mashindanoni. Baba mkubwa aliifuata kwa redio na magazeti.

MTALIANO MWENYE KIBURI

Sasa tuiangalie yenyewe. Mchoraji wake ni Marcello Gandini, wa kampuni ya Bertone ya Torino, aliyefariki mwaka 2024. Ndiye aliyechora Lamborghini Miura ya mwaka 1966, gari ambalo wengi huliita la kwanza katika ukoo wa magari ya kifahari yenye kasi ya kutisha, na baadaye Lamborghini Countach. Mwaka 1970 Bertone walionyesha Torino gari la majaribio, Stratos Zero, lenye kimo cha sentimita 84 tu. Yaani ukisimama nalo, paa linakufika kiunoni. Inasimuliwa kwamba Bertone mwenyewe alipolipeleka kiwandani Lancia alipita chini ya kizuizi cha getini bila kusubiri kufunguliwa.

Lancia walikuwa wamenunuliwa na Fiat mwaka 1969, na mwaka huohuo Fiat walichukua nusu ya Ferrari. Mkuu wa timu ya mbio ya Lancia, Cesare Fiorio, alitaka kitu ambacho hakikuwahi kufanyika: asichukue gari la familia akaligeuza la mbio, bali atengeneze gari la mbio tangu msumari wa kwanza. Akapata injini ya Ferrari Dino, silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 2,418, ikalazwa kwa upana nyuma ya mgongo wa dereva. Katikati gari ni chuma, mbele na nyuma ni faiba. Boneti na sehemu ya nyuma hufunguka nzimanzima kama mdomo wa kiboko, ili fundi aingie hadi kifuani bila kufungua nati nyingi. Milango ina mifuko iliyochimbwa kwa kipimo cha kofia ngumu ya dereva.

Na lilikuwa fupi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.18. Mdau mwenye Land Rover fupi, ile 88, apime ya kwake: ni mita 2.235. Stratos ni fupi kuliko Land Rover fupi! Ufupi huo ulilifanya ligeuke kwenye kona kama mbuzi, ila kwenye njia iliyonyooka yenye mawimbi halikuwa na subira hata kidogo.

Ulaya hawakuliweza. Lancia walichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1974, 1975 na 1976. Sandro Munari alishinda Monte Carlo na Stratos miaka mitatu mfululizo, 1975 hadi 1977. Magari yote yaliyotengenezwa hayakufika 500.

Limebaki jambo moja: Safari.

KIPIGO

Mwaka 1974 Munari alikuja na gari la zamani, Lancia Fulvia, akawa wa tatu. Mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya na Mitsubishi Colt Lancer. Huyu Joginder naye ni habari ya kujitegemea: alikuwa fundi wa gereji kabla ya kuwa dereva maarufu, na mwaka 1965 alikuwa ameshashinda Safari na Volvo iliyokwishatumika, kaka na mdogo ndani ya gari moja.

Mwaka 1975 Stratos ikaja, na Munari akawa na msoma ramani wa hukuhuku Kenya, Lofty Drews. Wakawa wa pili. Björn Waldegård, Msweden, naye na Stratos, akawa wa tatu. Aliyewapiga ni Ove Andersson na Peugeot 504. Wadau, 504! Gari ambalo huku kwetu lilikuwa likibeba abiria, mizigo na kuku kwa pamoja. Mwaka 1976 Joginder akashinda tena na Mitsubishi. Mwaka 1977 Munari akawa wa tatu, nyuma ya Waldegård aliyekuwa amehamia Ford Escort, na Rauno Aaltonen wa Datsun. Basi. Fiat wakaamua fedha za mbio ziende kwenye gari lao wenyewe, Fiat 131 Abarth, na Stratos ikawekwa kando bila kuwahi kushinda Safari.

Kwa nini? Baba mkubwa alinijibu akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana: "Safari hailipi kasi. Safari inalipa anayefika." Na kitaalamu ndivyo ilivyokuwa. Mbio za Ulaya zilikuwa vipande vifupi, kisha mafundi wanalizunguka gari. Safari ilikuwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, mashimo, mito, ng'ombe, na mkeka wa udongo mweusi ambao ukinyeshewa unakuwa sabuni. Gari la chini, fupi, lenye kila kitu kimebanana, linakosa nafasi ya springi kucheza. Peugeot lilikuwa na springi ndefu na laini, likameza mashimo.

Waitaliano hawakukata tamaa. Mwaka 1988 Miki Biasion aliwashindia Safari kwa mara ya kwanza, na Lancia Delta Integrale, akarudia 1989. Juha Kankkunen akaongeza nyingine mwaka 1991. Na Delta lilitokana na gari la milango mitano la kwendea sokoni.

NA SISI WASSO?

Wakati Stratos inawekwa kando, Tanzania ilikuwa inaingia kwenye miaka ya njaa ya spea. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, fedha za kigeni hakuna. Wazee wanakumbuka Jumapili baada ya saa nane mchana ilikuwa marufuku kuendesha gari binafsi. Mpaka umefungwa, Nairobi iliyo karibu imekuwa mbali kuliko Dar es Salaam.

Hapo ndipo fundi wa kijijini alipozaliwa upya. Gasketi ilikatwa kwenye katoni. Bushi ilichongwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Majani ya springi yalihamishwa kutoka kwenye lori lililokufa. Huku kwetu jambo hilo lilikuwa la uhai na kifo, maana Wasso kuna hospitali iliyoanzishwa miaka ya 1960 na daktari na padri wa Kiaustria, Herbert Watschinger, na mgonjwa kutoka mbali alifika ama kwa kubebwa ama kwa gari la mtu mwenye huruma. Land Rover ya babu ilikuwa mojawapo ya magari hayo.

Mkitaka kujua mafundi hao walikuwa na thamani gani, kumbukeni mwaka 2011. Kikombe cha Babu. Mchungaji Ambilikile Mwasapila, aliyefariki 2021, alikuwa Samunge akitoa dawa kwa shilingi 500, na nusu ya Afrika Mashariki ikaja. Foleni ziliripotiwa kuzidi kilomita 20. Daladala za mjini ambazo hazijawahi kuona jiwe zilipita Ngaresero zikafika bila shokapu, zingine bila bampa, zingine zikivutwa. Baba mkubwa anasema ile ndiyo Safari Rally yake. Hakulala wiki kadhaa. Alichomelea, alifunga, alivuta, na alipolipwa alilipwa. Nikamuuliza kama kuna mwandishi aliyemhoji. Akacheka. Waandishi walikuwa wengi, wote wanamtafuta Babu.

KULIFUFUA GARI

Sasa turudi kwenye ubishi. Kuna mtu wa Arusha anataka kuinunua Land Rover ya babu, kwa bei nzuri. Sharti lake moja: iwe kama mpya. Inyooshwe, ipigwe puti, ipuliziwe rangi, ing'ae. Na fedha zinahitajika kweli, mdogo wangu mtoto wa baba mdogo anasubiri ada ya chuo. Baba mdogo anasema tufanye leo. Baba mkubwa amekubali kila kitu kasoro boneti.

Boneti lina bonde upande wa kulia, upana wa sinia. Pundamilia aliruka mbele ya gari usiku, miaka ya 1980, babu akiwa anamkimbiza hospitali mama mwenye uchungu. Taa moja ilizimika. Babu hakusimama. Mtoto alizaliwa salama, leo ni mwanamke mzima ana watoto wake palepale Wasso. Babu alikataa kulinyoosha boneti hadi anakufa.

Baba mdogo anasema bonde ni bonde. Mimi nikaanza kusoma wenye fedha wanafanyaje.

Kuifufua Stratos leo si mchezo. Chuma cha katikati kinakula kutu sehemu zilizofichika, faiba inapasuka nyufa nyembamba kama nywele, injini ina kabureta tatu za Weber zinazotakiwa kusikilizana kama waimba kwaya. Spea halisi ni adimu, na mnadani gari zima linafika mamia ya maelfu ya dola. Kwa sababu hiyo nakala zimejaa, zimetengenezwa vizuri kiasi kwamba jicho la kawaida halitambui. Kinachotofautisha halisi na nakala ni karatasi: namba ya chesisi, namba ya injini, nani alilinunua, lilishindana wapi, nani alilitengeneza. Ukoo wa Fiat umeanzisha Torino kituo cha magari yao ya kale, Heritage HUB, kilichofunguliwa mwaka 2019, na Lamborghini wana idara yao ya kumbukumbu, Polo Storico, tangu 2015. Kazi yao kubwa, pamoja na spana, ni kusoma makabrasha.

Halafu nikakuta hii. Kiwandani Zama, Japani, Nissan wanatunza Datsun 240Z iliyoshinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Hawakuinyoosha. Bodi imebonyea na kukwaruzwa vilevile kama ilivyomaliza mbio. Kampuni yenye uwezo wa kutengeneza magari mapya mamilioni imeamua kwamba mabonde yale ndiyo mali. Ukiyanyoosha, unabaki na 240Z safi, na 240Z safi zipo nyingi duniani. Iliyopigwa na Safari ya 1971 ikashinda ni moja.

Nilimsomea baba mkubwa. Alinyamaza, akafuta mikono kwa kitambaa. "Kumbe Wajapani wana akili," akasema.

Ila baba mdogo naye hakuwa mjinga. Akauliza: "Sasa huyo wa Arusha atajuaje kwamba hilo bonde ni la pundamilia na mama mjamzito? Yeye ataona gari lililogongwa." Na hapo wadau mimi mwandishi nikaona aibu. Maana ni kweli. Datsun ya Zama ina makabrasha, ina picha, ina matokeo rasmi. Stratos ina vitabu. Land Rover ya Wasso ina wazee wawili na picha ya gari la watu wengine ukutani.

Watoto waliosukuma magari Magara hawakuandikwa. Mafundi wa mwaka 2011 hawakuandikwa. Tunalalamika kwamba historia ya magari ni ya Waitaliano na Wajapani, na sisi tulikuwepo, tope lilikuwa letu na mikono ilikuwa yetu.

Basi nikanunua daftari la kurasa 96 dukani. Siku nne nilikaa chini ya mgunga, baba mkubwa anafungua na mimi naandika. Gia boksi ilibadilishwa lini na ilitoka kwenye gari gani. Jani la tatu la springi la nyuma kushoto ni la lori. Bomba hili lilichomelewa na nani, njia gani, usiku gani. Yule mama aliyezaliwa usiku ule alikuja kwa hiari yake akasimulia alivyosimuliwa na mama yake, akaweka dole gumba kwenye ukurasa, kisha saini, ili ihesabike mara mbili.

Muafaka wa familia ni huu: injini, breki, chesisi na nyaya vinafanywa vipya kama mnunuzi anavyotaka. Rangi inapigwa. Boneti linaoshwa tu na kupakwa mafuta kuzuia kutu. Daftari linaenda pamoja na gari, nakala inabaki kwetu. Mnunuzi asipotaka, atafutwe mwingine, na ada ya muhula wa kwanza tutachangishana.

Hadi naandika hapa mnunuzi hajajibu. Alisema atasoma kwanza daftari.

Nikaondoka Wasso alfajiri, kwenye kile kipande cha lami kinachoelekea Sale, gari linateleza kama limepakwa siagi. Nikafikiri, siku lami itakapofika mwisho, mtoto wa Wasso hatajua kwamba kufika hospitali kuliwahi kuwa mashindano. Atajulia wapi kama hatujaandika?

Ombi langu kwenu wadau, hasa wa Karatu, Mbulu na Ngorongoro. Kama una mzee aliyesukuma gari Magara Pasaka ya miaka ya 1960, au fundi aliyekesha Samunge mwaka 2011, nunua daftari. Usisubiri mtu wa Torino.

Tuonane tena, panapo majaaliwa.